Paka Kumi na Wawili wa Saa Kumi na Moja

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Nyau. Mlio huo bado umo kichwani. Shalom, msichana wa miaka minane, aliweka sauti ya paka ndani ya bloku ya amri, ile ya "rudia milele", kisha akawaonyesha wenzake. Laptopu kumi na mbili, paka kumi na wawili, mwisho hakuna. Nina shahada mbili za kompyuta kutoka chuo kikuu cha Richardson. Nikachomoa nyaya zote ukutani. Laptopu zina betri! Nimesikia nyau kwenye kila taa nyekundu hadi nyumbani.

Kanisa letu hapa Lewisville lina madarasa mawili ya watoto kila Jumamosi. La kwanza ni langu, lenye laptopu. La pili, nyuma ya pazia, ni la Clarisse, lenye chaki. Clarisse ametoka Uvira, anafunga maboksi ghalani, na alisomea kufundisha kompyuta wiki tatu. Wiki tatu! Hufika nusu saa kabla ya kila mtu. Ghalani kwao, anasema, dakika moja ya kuchelewa ni onyo. Anachora miraba sakafuni. Mtoto mmoja anakuwa roboti, wengine wanamwamuru: hatua mbili, geuka kushoto, rudia mara nne. Roboti akigonga ukuta wanacheka, halafu wanatafuta amri iliyokosewa. Shalom ametoroka kwangu mara mbili akawe roboti.

Mwishoni Mchungaji Placide akatangaza. Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, tutafanya maonyesho. Bi. Abigail, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani, atakuja kuchagua mwalimu wa klabu ya kompyuta. Mwalimu mmoja. Nami kibali changu cha kukaa Marekani kinaniruhusu siku ishirini na sita tu zaidi bila kazi. Baada ya hapo, ndege ya Nairobi.

Jumatano, 8 Oktoba

Mazoezi. Sijapata nafuu. Mchezo wa Shalom: paka anafukuza chapati. Chapati ikageuka ikamla paka. Nikamwambia arekebishe. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba chapati imeshinda kwa haki. Mwenzake ametumia wiki tatu kubadilisha rangi ya mkia.

Nikampigia dada yangu Jedidah, nesi kule Stafford. Akauliza kama kweli nilisoma miaka sita ili nishindwe na chaki. Nikakata simu. Nikapiga tena, maana sikuwa nimemaliza kulalamika.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepata dawa. Programu zote nimeziandika mwenyewe! Paka anacheza, anaruka, anainama, kisha anazungumza kwa sauti ya mtoto. Sauti ni yangu, imepandishwa ikawa nyembamba. Watoto hawatagusa kitu. Watabonyeza bendera ya kijani ya kuanzisha programu, waweke vidole juu ya vitufe, waonekane wanafikiri.

Ugumu mmoja: paka wote waanze pamoja, zamu yetu ikifika. Hapo elimu yangu ikanifaa. Maonyesho ni ya saa tisa. Lakini nimesali hapa miaka mitatu. Nimehudhuria arusi ya saa nane iliyoanza saa kumi na mbili. Kuna maombi, kuna kwaya, kuna kutambulisha wageni, kisha kuwatambulisha waliowaleta wageni. Zamu yetu haiwezi kufika kabla ya saa kumi na moja. Basi juu kabisa ya kila programu nimeweka bloku: subiri hadi saa kumi na moja kamili. Kando yake nimeandika maelezo mafupi ya sababu, kwa Kiingereza, kama tulivyofunzwa chuoni.

Kazi safi sana. Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa tisa kamili. Kamili!

Ukumbi ulijaa tangu saa tisa kasorobo. Mchungaji Placide alikuwa amempigia simu kila mzazi: mgeni ni Mmarekani, safari hii tusiaibishane. Maombi, dakika moja. Kwaya, wimbo mmoja. Watoto wa Clarisse walimwongoza Bi. Abigail mwenyewe kwenye miraba hadi akagonga kiti, akacheka, akaomba kurudia. Saa tisa na dakika ishirini, zamu yangu.

Bendera kumi na mbili zikabonyezwa. Kimya. Vidole juu ya vitufe, watoto wamekaa kama wanapigwa picha za pasipoti. Paka hata hawakupepesa jicho.

Bi. Abigail akainama kwa Shalom, akamuuliza paka anasubiri nini. Shalom akafungua bloku, akasoma kwa sauti. Akasoma na maelezo ya kando. Kanisani kwetu kila neno la Kiingereza hutafsiriwa papo hapo, na Mchungaji Placide ana mazoea. Kipaza sauti mkononi, akatafsiri kabla hajasikia alichokuwa anatafsiri:

"Anasubiri saa kumi na moja, kwa sababu watu wetu hawajawahi kuanza kitu kwa wakati."

Mama mmoja wa kwaya akauliza, taratibu, kama ni yeye anayesemwa. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa tofauti kidogo kwa rangi. Sikuwa nimeona.

Shalom hakujali. Alieleza kwamba roboti hajafa, amepewa amri mbaya tu, kama kwenye miraba ya Mama Clarisse. Akaiburuta ile bloku akaitupa. Bi. Abigail akanigeukia, macho yanang'aa. Akauliza kama kosa lile nililitega makusudi, ili watoto walitafute.

Nikasikia mdomo wangu ukisema ndiyo.

Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa nimeajiriwa. Naapa niliona uso wake ukiamua. Ndipo Shalom akabonyeza bendera. Paka akacheza, akaruka, akainama, akasema kwa sauti yangu nyembamba kwamba mwalimu wake ni Wawira, msomi halisi, si kama wale wanaofundisha kwa chaki. Wenzake wakamwiga, mmoja baada ya mwingine. Nimeumbuliwa na sauti yangu mara kumi na mbili. Mchungaji alitafsiri hadi nusu ya paka wa kwanza, akazima kipaza sauti.

Clarisse alikuwa amesimama kando ya pazia. Alitazama chaki mkononi mwake, akaitia mfukoni.

Jumapili, 12 Oktoba

Kazi amepewa Clarisse. Baada ya ibada akanifuata hadi kwenye gari. Nikajiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayo majibu matatu.

"Dada Wawira, nilimwambia ule mama anipe na weye," akasema. "Weye unajua mashini, miye najua batoto. Tutatumika pamoja."

Kutumika, kwao, ni kufanya kazi. Msaidizi! Saa ishirini kwa wiki, zinatosha kwa kibali. Sipandi ndege. Nilishtuka hata nikasahau kusema asante. Nilimwambia taa yake ya nyuma imevunjika. Na haikuwa imevunjika.

Jumanne, 14 Oktoba

Klabu inaanza kesho saa tisa na robo, na Bi. Abigail atakuja kutazama. Nimefikiri sana juu ya yaliyotokea. Nimeelewa kosa lilikuwa wapi.

Zamu ya Clarisse ghalani inaisha saa tisa kasorobo. Barabara ya 35 inakarabatiwa. Hawezi kufika kabla ya saa tisa na nusu, hata kwa mazoea yake ya kuwahi. Kwa hiyo kuna dakika kumi na tano ambazo darasa ni langu peke yangu.

Leo nimechukua ufunguo wa kabati la shule, nimefungua laptopu zote ishirini, nimeweka bloku. Saa tisa na dakika ishirini kamili, paka ishirini watamwambia Bi. Abigail ni nani aliyeandaa somo hili, na ni nani amechelewa. Nimekwisha funga kabati na kurudisha ufunguo.

Safari hii sikuandika maelezo kando.