Ombi la Kuzimiwa Umeme Kata Nzima ili Nimalize Gari la Mkunga Agnela

Karakana ya Sumari na Zakia,
Mtaa wa Mfereji, Levolosi,
Arusha.
Alhamisi, saa nne asubuhi.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mzee Lesikar,

Shikamoo, Mzee wangu. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ila moyo una hitilafu, na kwa kuwa hitilafu hiyo imesababishwa na wananchi wako, nimeona niilete kwako kwa maandishi badala ya kuipigia kelele barabarani kama nilivyofanya Jumatatu, jambo ambalo najua uliletewa taarifa.

Mimi ni Ezra Sumari, fundi umeme wa magari, yule mwenye kibao cha kijani jirani na mashine ya kusaga. Nafanya kazi na Zakia, binti wa Kitanga aliyesomea elektroniki. Tunatengeneza kontrol boksi, yaani ile kompyuta ndogo inayoiambia injini iwake lini na inywe mafuta kiasi gani. Tunaichomoa kwenye gari, tunaiweka mezani, tunaiunganisha na laptopu na kuiandikia programu upya. Inapoandikiwa ni lazima ipate umeme usioyumba, volti kumi na tatu na nusu, kwa dakika kumi na mbili. Umeme ukishuka katikati, kazi yote inafutika na unaanza upya, ukiwa na bahati. Usipokuwa nayo, unamnunulia mwenye gari kontrol boksi nyingine. Kifaa cha kuipa umeme huo kinaitwa pawa saplai.

Pawa saplai nilikwenda kuichagua mimi. Dukani zilikuwapo mbili. Moja nzito kama mfuko wa saruji, rangi ya masizi, feni yake inakoroma. Zakia akasema chukua hiyo, ina amperi thelathini. Ya pili ndogo, amperi kumi, ina skrini mbili za bluu na mpini wa kubebea. Nikachukua ya pili, kwa sababu mteja akiingia lazima aone kitu. Zakia akaniambia, "Kaka Ezra, kontrol boksi haina macho." Nilikuwa nimeshaushika mpini.

Mteja wa kwanza wa mashine hiyo ni Agnela, mkunga kule Olmotonyi. Gari lake lilikuwa linazimika kwenye kilima, na gari hilo ndilo analoendea kwa wajawazito wa juu kule. Nilimwahidi ndani ya saa mbili litakuwa tayari. Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi anapita na sare yake, anakaa kwenye benchi letu, anauliza, "Bado?" Namjibu, "Bado kidogo, dada." Anasema, "Haya," anapanda bodaboda anaondoka. Hagombi. Mzee, afadhali angegomba. Jumanne alikuja na matope mpaka magotini, maana bodaboda ilishindwa kupanda akamalizia kwa miguu, na mama mmoja akawa ameshajifungua kabla hajafika. Mama na mtoto ni wazima. Lakini Agnela alinieleza hayo akiutazama ukuta.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uwesu wa mashine ya kusaga. Mara ya kwanza programu ilikatika ikiwa asilimia kumi na nne, na wakati huohuo Uwesu alikuwa anasaga. Nilimwendea. Alizima, kina mama wakabaki kwenye foleni na ndoo zao za mahindi. Nikajaribu tena. Ikakatika palepale, kumi na nne. Hapo ndipo nilipotambua kwamba Uwesu hayuko peke yake.

2. Ummy wa saluni. Ana draya tatu. Nilipomwomba azime alikuwa na bibi harusi kitini, kichwa nusu kimenyooka na nusu bado. Alizima. Kumi na nne. Bibi harusi naye ana malalamiko, lakini hayo atayaleta mwenyewe.

3. Romanus anayechomelea mageti. Huyu sikumkuta. Yuko Nduruma kwenye msiba tangu wiki iliyopita na mashine yake ameifungia stoo. Naomba ofisi yako ichunguze inawezekanaje mashine iliyofungiwa stoo ivute umeme kiasi kile.

4. Mtaa kwa ujumla. Jumatatu nilisimama katikati ya barabara nikawaomba wote wazime kila kitu. Nakiri neno "wahujumu" lilinitoka, na huenda lilinitoka mara mbili. Walizima: redio, pasi ya fundi cherehani, friji ya Mama Resiato. Kwa dakika kumi na mbili ulikuwa unasikia kuku wakitembea. Ikakatika, kumi na nne! Mama Resiato alisahau kuwasha tena friji, maziwa yakachacha, na sasa anasema kosa ni langu. Mzee, hesabu ni nyepesi: kama si mtaa huu, basi ni mtaa wa pili.

5. Zakia. Huyu hajafanya kosa lolote, na hilo ndilo lalamiko lenyewe. Alinionya dukani, na tangu siku hiyo hajanikumbusha hata mara moja. Alikuwa ananimiminia chai tu. Juzi aliuliza kwa upole, "Naweza kuiangalia hiyo mashine yako?" Nikamwambia asiiguse, mashine ni nzima, wabaya ni majirani. Akafunga begi lake la vifaa, akasema yuko kwa shangazi yake mpaka nimalize ugomvi na mtaa. Tangu hapo chai najipikia, na haina ladha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mimi si mtu wa kudai makubwa. Naomba Jumamosi, kuanzia saa nne kamili hadi saa nne na robo asubuhi, umeme uzimwe kata nzima isipokuwa karakana yangu. Naomba mgambo wapite nyumba kwa nyumba, wahakikishe hata chaja za simu zimechomolewa. Ikishindikana, Jumamosi ya pili tuongeze kata za jirani. Ikishindikana tena, tuwaombe wenzetu wa Nduruma nao wazime, maana Romanus yuko huko na simwamini. Ikifika hapo bado inakatika kwenye kumi na nne, itabidi tuandikie mkoa, wewe na mimi, kwa mkono mmoja.

Namalizia hapa nisikuchoshe. Nisalimie mama nyumbani, watoto, wajukuu, wajumbe wote wa serikali ya mtaa, na Uwesu pia, ila yeye kwa kiasi.

Ni mimi, mwananchi wako mwenye kuhitaji dakika kumi na mbili tu,

Ezra Sumari
Fundi

Nyongeza, saa saba mchana.

Mzee, nilikuwa natafuta bahasha ya kutia nakala ya pili ya barua hii, Agnela akaingia. Leo hakuuliza kama bado. Aliitazama pawa saplai kwa muda, akasema, "Hiyo taa nyekundu ni ya nini?" Nikamweleza kwamba huwaka mashine inapofanya kazi kwa bidii. Akasema, "Kwetu wodini taa nyekundu ikiwaka tunaangalia mashine kwanza, si majirani."

Nilimpigia Zakia. Alikuja, akainama, akazungusha kitufe kimoja kwa vidole viwili, robo mzunguko tu. Kumbe ni kitufe cha kuwekea kikomo cha amperi, yaani mashine itoe umeme mwisho kiasi gani, na kilikuwa chini kabisa. Nilikizungusha mwenyewe siku ya kwanza nilipokuwa nafuta vumbi kwenye skrini. Tukaanza kuandika upya, watatu tukihesabu asilimia. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Nilitaka kulia, Mzee. Ilipofika mia Zakia akasema amperi kumi zilitosha tangu mwanzo, kwamba mashine niliyochagua ni nzuri na yeye ndiye aliyekosea. Nilingoja siku tisa nisikie maneno hayo, na sikupata hata mahali pa kuyaweka.

Agnela ameondoka na gari lake. Alimshukuru Zakia. Mimi aliniambia, "Haya."

Tatizo ni kwamba nakala ya kwanza ya barua hii, ambayo haina nyongeza, nilishampa mjumbe asubuhi akuletee kwenye mkutano wa mtaa wa leo. Kama hujaisoma, tafadhali usiisome. Na kama umeshawasomea wananchi, nakuomba uwasomee na hii, kwa sauti ileile.