Buti Nilizonunua Bila Kujaribu

Jumatatu, 1 Desemba

Mitihani ya kidato cha nne imekwisha na tayari nimepata kazi. Karibu nipate. Doria ya msitu hapa Naipingo inataka msichana mmoja. Mzee Silvanus, aliyewinda kwa kibali miaka thelathini na sasa ndiye kiongozi wa doria, atatupandisha mlima ulio upande wa Ruangwa siku ya Jumamosi, aone nani anafaa. Tumejitokeza wawili: mimi na Eva, binti wa bwana shamba, niliyesoma naye. Nikikosa, Mama ananipeleka Marambo kulea mapacha wa shangazi. Mapacha wanauma!

Mzee Silvanus katueleza habari za buti. Ngozi iwe nene. Shingo ipande juu ya kifundo ili mguu usiteguke. Soli iwe na meno. Vidole vipate nafasi, maana kuteremka ndiko kunakong'oa kucha. Nimeandika yote. Eva hakuandika. Eva anazo tayari, mpya, ziko kwenye boksi, kaagiziwa Dar.

Jumanne, 2 Desemba

Nachingwea mjini, kwa Gwakisa muuza viatu vya mitumba. Tatizo: benchi lake la kujaribia liko barabarani, mbele ya vijana wote wa bodaboda. Na mimi navaa namba arobaini na moja.

Mpango wangu ulikuwa safi. Nilipima mguu nyumbani kwa kijiti, kama wazee wanavyofanya wakimwagiza mtu viatu. Nikamwambia Gwakisa buti ni za kaka yangu Jumaa. Nikakilaza kijiti kwenye soli. Sawasawa! Gwakisa akauliza kwa nini kaka asije mwenyewe. Nikasema anaumwa. Akauliza anaumwa nini. Nikasema miguu.

Nimezivaa nyumbani. Haziingii. Kijiti nilikipimia nje ya buti. Mguu unakaa ndani.

Jumatano, 3 Desemba

Mpango wa pili. Mbaazi kavu zikilowekwa ndani ya kiatu huvimba na kukitanua. Nimejaza buti zote mbili, nikamwaga maji, nikazificha nyuma ya ghala.

Mama alitafuta mbaazi za mchana kila mahali. Akazipata. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Haya, mwanangu, leo tunakula kwa vijiko au kwa soksi?"

Jumaa karudi kutoka mjini amekasirika. Watu watatu wamempa pole ya miguu. Mmoja kamletea dawa ya kuchua.

Ijumaa, 5 Desemba

Mbaazi zimefanya kazi! Buti zimetanuka. Kwa pembeni, siyo kwa mbele, lakini mguu unaingia nikikunja vidole. Soli ya kulia imeachia kidogo. Nimeibandika kwa gundi ya baiskeli ya Jumaa. Sikumwomba. Hatusemeshani.

Jumamosi, 6 Desemba

Eva alininusa kabla hatujaanza kupanda. "Shoga, viatu vyako vinanukia jikoni." Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Mteremko wa kwanza tu, gundi ikaachia. Pwa! Pwa! Pwa! Mzee Silvanus akasema swala wote wa hapa mpaka Chiola wameshapata taarifa. Akachuna gome la mti, akanifungia soli kama anafunga kuku wa kuuza. Nikawa wa mwisho.

Kwenye majani marefu soli ikanasa. Nikaanguka kifudifudi. Eva alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Silvanus hakucheka. Aliinama, akavuta, na kutoka chini ya buti yangu ukatoka waya. Tanzi la majangili! Yeye na Eva walikuwa wamelipita. "Bibie," akasema, "umenaswa kama digidigi." Tukatafuta kando ya njia ile, tukang'oa mengine sita.

Eva hakunyanyuka tena pale alipokaa. Buti zake hakuwahi kuzivaa hata kwenda dukani, na visigino vilikuwa vimechunika. Akateremka na soksi. Mimi nikafika kileleni.

Mzee Silvanus akaniuliza ilikuwaje sikulalamika njia nzima. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Akasema nafasi ni yangu, nianze Jumatano, ila buti zile zikazikwe.

Jumatatu, 8 Desemba

Mzee Silvanus kanipa agizo. Nikae. Nivae zote mbili. Nitembee hatua ishirini mbele ya muuzaji. Nikasema ndiyo, Mzee.

Gwakisa akanivutia benchi. Akauliza safari hii ni za nani. Vijana wa bodaboda wakageuka wote kwa pamoja. Nikasema za bibi. Akauliza bibi yupi huyo anavaa buti za mlimani. Nikasema anawinda.

Nikaokota buti mbili za arobaini na moja kwenye rundo, namba inasomeka wazi, nikalipa, nikaondoka mbio. Safari hii nimetumia akili. Zinaingia! Ngozi nene, shingo ndefu, vidole vinacheza. Ila zote mbili ni za mguu wa kushoto.

Hakuna neno. Majangili wakiziona nyayo zangu watadhani doria imeajiri watu wawili, kila mmoja na mguu mmoja.