Kikwazo Nilichompa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Darasa la kuandika filamu limeanza. Nilijiandikisha mimi kwanza. Shemeji, mdogo wake mke wangu, akafuata kama kawaida yake. Msusi huyo! Hadithi moja tu ndiyo itakayotengenezwa filamu. Mama mkwe nimeshamwambia ni yangu.

Yangu ina helikopta mbili na mapacha waliopotezana. Mwalimu akauliza mhusika wangu anataka nini. Nikasema kila kitu. Akauliza nani anamzuia. Nikasema hathubutu mtu. Wakacheka. Ya shemeji: msusi anataka kufungua saluni yake. Basi, kwisha. Mwalimu akamsifu. Roho imeniuma njia nzima.

Jumatano, 5 Machi
Nimepita saluni, nikajifanya mwema. Nikamshauri shemeji amharibie msusi wake kila kitu: umeme ukatike, wateja wahame, ndugu mwenye kijicho amwibie funguo. Nani atatazama mikosi mitupu? Akanishukuru, eti nina moyo safi. Wala sikuona haya.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mwalimu kasema ya shemeji sasa ndiyo hadithi. Bila kikwazo mhusika anatembea tu. Zangu helikopta eti zinaruka vizuri, ila ndani hamna mtu. Shemeji akatangaza kuwa mikosi yote nilimpa mimi. Wakanipigia makofi.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaja kula kwetu. Mke wangu anamsifu tangu mlangoni. Walipokuwa wanaosha vyombo nikachomoa kurasa zake za mwisho mkobani, nikazikalia. Mama mkwe akaingia, akaniambia niinuke nimpishe kiti. Mkwe hakataliwi. Nikainuka.

Shemeji akatoka jikoni. Alizitazama kurasa, akanitazama mimi, akaomba kalamu.

Jumatatu, 10 Machi
Imeshinda yake. Ina mwisho mpya: ndugu mwenye kijicho anafumaniwa amezikalia funguo za saluni. Darasa zima lilicheka mpaka machozi. Sijui kalitoa wapi wazo hilo.

Lakini nani kapewa kuigiza huyo ndugu? Mimi! Nikamuuliza mwalimu nijiandae vipi. Akasema nisijiandae kabisa, nije hivi hivi nilivyo. Kipaji hakijifichi. Shemeji akainama, mabega yanamtikisika. Wivu huo, maskini.

Nimempigia mama mkwe, nimemwambia filamu ni yangu. Kesho napita saluni kumshauri shemeji ampunguze yule msusi. Anamzuia mhusika mkuu.