Wufa Niliyoificha Imeniposea Mke

Wallahi leo sina pa kuuweka uso. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni, maana huko wameshaanza kuongeza chumvi.

Mnakijua kigari changu, kile ambacho ukipanda na mtu mnene lazima mmoja wenu abane pumzi. Nimekuwa nikikitengenezea wufa ya siri, ile spika kubwa ya besi. Nilitoa gurudumu la akiba kwenye buti, nikapima lile shimo, nikakata plaiwudi, nikaunda sanduku lililoingia humo bila kubakisha nafasi ya kidole. Gundi kila pembe. Juu kifuniko chenye matundu, juu ya kifuniko kapeti jepesi. Ukifungua buti huoni kitu! (Nilipiga picha nikiwa nimesimama kando ya buti tupu na kuwatumia. Ifuteni.)

Siri ya nini? Kwa sababu ya mzee mmoja hapa mtaani kwetu Iftin, babake Hodan. Hodan ndiye ninayetaka kumuoa, na wazee wangu bado hawajaenda kumposa. Mzee hataki muziki hata ule wa simu ikilia. Mbele yake mimi ni kijana wa msikitini na nyumbani, basi.

Leo asubuhi akanisimamisha. "Guled, una kazi? Nipeleke nione ngamia yangu."

Ngamia wake wako nje ya mji, barabara ya Modogashe. Nani atakataa? Nilimfungulia mlango kama waziri.

Kwenda, mambo safi. Redio nimezima, simu kimya. Mzee akapapasa kiti, akasifu. "Gari yako nzuri. Haina kelele."

"Mashallah, adeer," nikajibu, yaani ami, kwa heshima. (Moyoni nilikuwa nacheka. Mjinga mimi.)

Kurudi, tuna mtungi wa maziwa ya ngamia kwenye buti. Tukafika kizuizi cha polisi. Si mnajua huku kwetu, gari likitoka upande ule lazima lipekuliwe, wanatafuta sukari ya magendo. Afande akafungua buti, akasogeza maziwa, akagonga sakafu. Akasikiliza. Akagonga tena.

"Kijana, mbona buti yako iko na sakafu mbili?"

Nikisema ni wufa, mzee anasikia. Nikinyamaza, nimebeba sukari. Nikanyamaza. (Ndiyo akili niliyojaliwa.)

Mzee akashuka na fimbo yake, amekasirika kwa niaba yangu. "Afande, hii kijana najua mimi! Hana magendo. Hata redio hasikizi!"

Afande akavuta kapeti, akafunua kifuniko. Sanduku. Waya nyekundu. Waya nyeusi. Akaruka nyuma. "Mikono juu! Nyote wawili!"

Ya Rabbi! Babake Hodan, mtu mzima anayeheshimiwa, amesimama barabarani mikono juu kwa sababu yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ni wufa, afande! Ni ya muziki!" nikapiga kelele. Sikumtazama mzee. Nilihisi tu ananitazama.

Afande alikuwa keshajibanza nyuma ya pipa la kizuizi. "Kama ni wufa, iwashe!"

Nikawasha, nikatoa simu. Simu ikaunganika na ikacheza kitu cha mwisho nilichosikiliza. Haukuwa muziki. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe! Kwetu kijana hajiendei kuposa, wazee ndio hutumwa. Lakini jana nilijirekodi nikifanya mazoezi, endapo mzee ataniita aniulize maswali. Kwa Kisomali. Na sasa kwa besi.

"Adeer," ikanguruma. Halafu tena, "Adeer," nzito zaidi. (Nilitaka kusikika mwanamume.) Buti ikatetemeka, maziwa yakacheza mtungini. Nikabonyeza kuzima, kumbe naongeza sauti! Dereva wa lori la mbuzi lililokuwa nyuma yetu akashuka kabisa.

Afande hajui Kisomali. Akatoka nyuma ya pipa, akamgeukia mzee. "Mzee, huyu anasema nini?"

Mzee akanitazama. Akalitazama sanduku. "Anasema anataka kuoa mtoto yangu."

"Ala! Na hapo?"

"Anasema hana ngamia mingi, lakini ana gari."

"Na hapo analia?"

"Hapana," mzee akasema. "Hapo anaimba."

Afande akaegemea gari langu akicheka mpaka kofia ikadondoka. Akawaita wenzake. "Hebu irudishe mwanzo!" Ikarudishwa. Mzee akatafsiri upya, neno kwa neno, maana afande ameuliza.

Njia nzima mzee aliangalia mbele tu, fimbo magotini. Nilijua yamekwisha, Hodan nimemkosa, tena nimemkosa barabarani mchana kweupe. Machozi yalikuwa karibu, sitawaficha. Tulipofika mlangoni kwake akachukua maziwa yake, akainama dirishani.

"Ijumaa tuma wazee yako."

Nusura nimrukie shingoni! Akainua kidole.

"Wewe baki nyumbani. Umesema ya kutosha."

Sasa hivi Hodan amenipigia. Hata salamu hakuna. "Kwa hiyo polisi wamejua kabla yangu?"

Nimejifanya mtandao unasumbua. Jamani, nawaomba, chekeni leo mmalize, maana Ijumaa wazee wangu wanaenda na hawajui lolote.