Mla Watu Asiyekula Kambare

Wenzangu wa shule ya jioni, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na suruali ninayo mwilini hadi sasa.

Sinema ilikuja hapa Suna mchana huu. Ukumbi ukajaa, madirisha yakazibwa kwa magunia. Mwenye mashine akauliza nani atatafsiri Kiingereza kwa Kiswahili. Nikasimama kabla hajamaliza swali. (Cheti changu cha Kiingereza bado kinanukia wino.) Sababu ya haraka hiyo ilikuwa imekaa mbele kabisa: Mzee Chacha, baba yake Robi. Na Robi mwenyewe tumekubaliana kuoana. Lakini baba yake, Mkuria wa maneno machache, alitaka aone kwanza kichwa cha kijana wa Kijaluo kutoka Homa Bay kina nini ndani.

Nikaanza vizuri. Mzungu wa kofia ngumu akapotea msituni, nami nikampoteza kwa Kiswahili safi. Mara wakatokea watu wa manyoya kichwani, wakamfunga mtini. Mkubwa wao akafoka kwa lugha nisiyoijua. Mzungu akamwambia mkewe, aliyefungwa kando yake, kwa Kiingereza kwamba wanataka kuwala. Basi nikaidaka hiyo, nikaitia chumvi debe zima:

"Anasema huyu bwana tunamla leo na viatu vyake! Mama tunamweka kiporo!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Nikadhani ni utamu wa tafsiri. Nikapandisha sauti, nikaapa kwa mizimu, nikanoa panga la hewani. Bibi mmoja alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi.

Mzee Chacha akainua fimbo. Mashine ikasimamishwa.

"Kijana," akasema taratibu, "hicho ni Kikuria. Anasema wamerukaruka juani tangu asubuhi na hata uji hawajapewa."

Nikajikaza. Nikasema labda Kikuria cha sinema kina maana ya ndani. (Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu.)

"Huyo ni jirani yangu. Wazungu walimchukua akaigize. Ni Msabato. Hata kambare hali, kwa sababu samaki huyo hana magamba. Wewe umemlisha Mzungu mzima, na viatu."

Nikaketi. Robi alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanamtikisika.

Watu walipotoka, mzee akaningoja mlangoni. Nikajua posa imekufa.

"Ukitaka kuja kwangu kuposa, njoo," akasema. "Lakini uje na mkalimani."

Kwa hiyo natafuta mtu anayejua Kikuria, mwaminifu, asiyependa chumvi. Aliyekwisha kucheka asijisumbue kuomba kazi.