Uzinduzi wa Pampu ya Sukari Kijijini Tujikaze

Ndugu Mgeni Rasmi kutoka Dar es Salaam. Ndugu kiti cha Mgeni Rasmi, maana mwenyewe hakushuka kwenye treni. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Ujamaa Tujikaze. Ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi. Ndugu mpimaji wa tumbaku pamoja na mizani yako. Padri, mchungaji wa Moraviani, na shehe uliyekuja na baiskeli ya kuazima. Akina mama mlioniimbia wimbo mrefu na mtakaoniimbia tena nikimaliza. Ndugu mliowahi kivuli cha ghala na ndugu wa juani. Na wewe mgonjwa wetu wa sukari, Ndugu Eustadia, uliyesimama hapa kulia kwangu ukiwa umevaa pampu kiunoni: kijiji hoyee. (Hoyee, wanaitikia wa kivulini. Wa juani wanajipepea.)

Ndugu wananchi, mimi Twalibu, ofisa maendeleo wenu, ambaye wengi mnaniita Baba wa Pampu, jina ambalo sikulitaka lakini nimelizoea tangu nilipolitunga, nasimama hapa nikiwa na furaha ya kiutendaji. Mpaka jana, Ndugu Eustadia alikuwa anaamka, anachemsha sindano yake ya kioo, anafukua chupa ya insulini kwenye mtungi aliouzika mchangani ili dawa isipate joto, anajidunga paja, ndipo anakula ugali wake na kwenda shambani. Nauliza, hayo ni maisha?

("Ndiyo," anajibu Bibi Nyamizi, mama mkwe wa Eustadia, kutoka mstari wa mbele. "Alikuwa mzima na analima kukushinda wewe.")

Shikamoo bibi. Lile swali lilikuwa pambo la hotuba, halikuhitaji jibu. Naendelea. Huko nje wenzetu wana chombo kinavaliwa mwilini, kinadondosha dawa chenyewe mchana na usiku kwa mpira mwembamba, kitaalamu tunaita sistimu. Habari hizo nilizisoma kwenye kipande cha gazeti nilichofungiwa karanga stesheni ya Usoke, na kabla karanga hazijaisha nikawa nimeshaandika mradi, nimeweka lengo, nimeweka mkakati, nimejiweka mwenyekiti. Nikatoa taarifa ngazi za juu kwamba pampu imefika, na kwa kuwa pampu imefika, nikaagiza zahanati isimpe tena Ndugu Eustadia chupa, tusije tukarudi nyuma kimaendeleo. (Makofi kidogo.)

("Ndugu Twalibu," anasema Eustadia taratibu, "chupa yangu imebaki dawa ya kesho asubuhi tu. Baada ya hapo sina.")

Asante kwa takwimu hiyo. Na mimi ninazo zangu. Ndugu wananchi, asilimia mia moja ya wagonjwa wa sukari wa kijiji hiki leo wamevaa pampu, jambo ambalo hata huko Ulaya bado wanalitafuta. Vilevile, kwa upande wa kinga, nani hapa amesahau kwamba duka letu la kijiji halijauza sukari tangu kabla ya masika? Watu mnanung'unika, hamjui kwamba huo ni mpango wa afya. (Kicheko. Mtu wa nyuma: "Na sabuni je, ni kinga ya nini?") Suala la sabuni liko kwenye kamati nyingine.

Sasa nije kwenye kuishi na pampu, maana chombo bila mwongozo ni bati tu. Kwanza, pampu hii ni mali ya umma. Ndugu Eustadia ataivaa siku za mwanzo wa wiki, halafu wataivaa wananchi wengine kwa zamu, wawe wanaumwa wasiwe wanaumwa, kwa sababu hatuwezi kujenga tabaka la wenye pampu na wasio na pampu. Kiasi cha dawa kitaamuliwa na mkutano mkuu kwa kunyoosha mikono, na siku akidi isipotimia dawa itasubiri. Wakati wa kupalilia tumbaku boksi litageuzwa mgongoni. Akibeba mtoto mgongoni boksi litahamia tumboni. Akibeba mtoto na kuni kwa pamoja atatuma ombi kwa balozi wake. Usiku atalala ubavu mmoja, na mwongozo wa mume uko njiani. (Wanawake wanacheka wakimwangalia mume wa Eustadia, ambaye anaangalia mizani.)

Mtasema mzigo ni mzito. Ndugu zangu, hapa ndipo walipopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani, kutoka huku mpaka pwani, wakaenda na kurudi wakiimba, leo mjukuu wa mpagazi ashindwe na kiboksi?

("Babu zetu walijua wamebeba nini," anasema Bibi Nyamizi.)

Na ninyi mtajua, bibi, sasa hivi, kwa vitendo. Hapa mezani ipo chai yenye vijiko vinne vya sukari, sukari ambayo ilipatikana kwa taratibu zake. Ndugu Eustadia ataimaliza hii chai mbele yenu bila sindano, ili muone pampu inavyopambana. Karibu, ndugu.

(Eustadia anakitazama kikombe. "Sinywi," anasema. "Hiki kitu tangu mnifunge asubuhi hakijanidunga wala kunitekenya. Nikinywa hiyo, nani atanibeba mpaka hospitali?")

Huo ni woga wa kawaida wa mapokeo ya teknolojia.

("Basi jifunge wewe, mwanangu," anasema Bibi Nyamizi, "na chai uinywe wewe.")

Bibi, mimi hiyo chai siwezi kuinywa kwa sababu na mimi nina sukari. (Wa juani wanaacha kujipepea.) Yaani, ndugu wananchi, hilo nilikuwa nalihifadhi kwa hotuba nyingine. Ndiyo, naumwa kama Ndugu Eustadia, ila kama kiongozi nimejitolea kubaki nyuma nikiteseka na sindano za zamani ili mwananchi atangulie kwenye pampu.

("Na chupa unazitoa wapi?" anauliza Eustadia.)

Chupa zinatoka kwenye mzunguko wa kiofisi.

("Ziko nyuma ya Landrova, kwenye kisanduku cha barafu," anasema Abasi, dereva wa ofisa, akiendelea kula muwa. "Zina karatasi imeandikwa Eustadia.")

Ndugu Abasi, dereva hachangii hoja. (Akina mama wanainuka, wanakwenda kwenye gari wakiimba. Bibi Nyamizi anakaa mbele ya tairi. Kisanduku kinakuja kikipita juu ya vichwa mpaka mikononi mwa Eustadia, naye anafungua kile kiboksi cha kiunoni na kukiinamisha. Hakidondoki kitu.) Ndugu wananchi, msishtuke. Awamu ya kwanza ya mradi ni boksi. Kilichomo ni awamu ya pili.

(Hakuna anayepiga makofi. Akina mama wamekaa chini kuizunguka Landrova. Mmoja anasuka ukili.)

Basi nihitimishe. Sayansi kwa wote. Pampu moja, kijiji kimoja. Mbele kwa mbele. (Mpimaji wa tumbaku anaitikia peke yake, kisha anaacha.) Nashukuru fundi redio aliyetutengenezea boksi. Nashukuru Mgeni Rasmi kwa kutokuja. Na wewe Ndugu Eustadia, dada yangu, nakushukuru mapema, maana jua limeshuka, muda wangu wa kujidunga umefika, kiu imenishika tangu mchana na naanza kuona watu wawili wawili. Sindano ninayo, imechemshwa. Naomba unifungulie hicho kisanduku.

("Dawa sikunyimi, kaka," anasema Eustadia. "Najua inavyokuwa. Mganga wa zahanati yule pale nyuma. Mwambie kwanza, na sisi tusikie.")

Ndugu mganga, shukrani zangu za mwisho ni kwako, kwa kunitii bila kuuliza. Kesho asubuhi mpe Ndugu Eustadia chupa zake kama zamani, na kila mwezi umpe, hata nikija na barua nyingine. Ile taarifa yangu ya pampu itupe. Nilipoiandika pampu haikuwapo, na hatukuwahi kuagiza hata mpira wake. Asanteni kwa kunisikiliza. Naja, dada.