Kompyuta Iliyompa Dada Yangu Manjano

Kwa Dada Tabia,
Turffontein.

Dada yangu mpendwa,

KUH: MWANAO NASEEB NA KIOO CHA KOMPYUTA YANGU

Assalaam aleykum. Kwa kuwa hupokei simu zangu, mimi mdogo wako Mwadini, muuza vitenge, nakuandikia kwa taratibu za kiofisi, ili hata ukiichana karatasi hii ujue umechana kitu chenye heshima.

Namshitaki mwanao. Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu Marshalltown akakuta macho yananichuruzika machozi mbele ya kompyuta. Akasema ni mwanga wa buluu, akabonyeza mahali, na kioo kizima kikageuka rangi ya machungwa, kama robot, taa ya barabarani ya huku, iliyogoma kwenda kijani. Mjomba, akaniambia, sasa macho yatapumzika. Yaliyofuata ni haya:

1. Mama Denise wa kwaya ya Wakongomani alitaka kitambaa cha rangi ya siagi. Nilimwonyesha kwenye kioo, akakipenda, nikaagiza. Kimefika cheupe pe, sanda kabisa. Kwaya nzima imegoma kumwimbia Mungu katika mavazi ya kuzikiwa.

2. Ijumaa ile ulinipigia simu ya video kwenye kompyuta hiyo hiyo. Nilipokuona, Dada, nilishikwa na hofu. Macho manjano, meno manjano. Ukuta nao ulikuwa manjano, lakini nani hutazama ukuta dada yake akiumwa? Uliposema umechoka kidogo tu, nikajua unanificha ugonjwa wa manjano. Nikapiga simu nyumbani kwetu Tanga. Nimebakiwa na dada mmoja tu duniani.

3. Sikuwaambia watu wa Tanga wasome dua msikiti mzima. Wala sikuwaambia wachinje mbuzi, au wampe dereva wa basi gunia la mwarobaini akuletee. Na wale wazee wa jumuiya waliokusimamia sebuleni mwako hadi ukamaliza kikombe cha tatu cha mwarobaini huo, sikuwatuma mimi. Kila tone la uchungu ule mdai Naseeb.

4. Tangu siku hiyo sahani ya pilau ya Ijumaa haivuki tena kuja kwangu Rosettenville, na Naseeb umemkataza kukanyaga dukani. Kukosa pilau navumilia. Kununiwa na wewe siwezi.

Kwa hiyo naomba serikali ipige marufuku rangi hiyo kwenye kompyuta zote za nchi hii. Kabla serikali haijajibu, naomba Naseeb aje auondoe ugonjwa alioutia, maana mimi mtu wa vitambaa sijui pa kubonyeza. Wewe uje kama shahidi. Ukija na sufuria, sitalihesabu kuwa rushwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, binti yako Bushra na wanawe, majirani, na hata wale wazee.

Ni mimi niliyedhulumiwa, ndugu yako wa tumbo moja,
Mwadini.

N.B. Jeannine, msusi wa mlango wa pili, ameisoma barua hii akacheka sana. Anasema yeye ndiye aliyenionyesha pa kuzima siku ile ile ya kwanza. Ni kweli. Sikuzima kwa sababu macho yalikuwa yametulia, na mpaka leo hayajatoa chozi. Mshukuru Naseeb kwa niaba yangu. Jana nimeizima kidogo rangi ile, nikaitazama picha uliyoiweka WhatsApp. Huna manjano, Dada. Ila umekonda. Sijamwambia mtu yeyote Tanga.